Alama ya "nunua" kwa kampuni ndogo: ninavyoipima hapa Mtwara

Malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia, swali la Masasi, Newala na hapa mjini huwa moja: ninunue hisa gani? Kampuni kubwa za Soko la Hisa la Dar es Salaam zina wachambuzi wa kutosha. Ndogo, hasa za dirisha la kukuza ujasiriamali, yaani sehemu ya soko hilo kwa kampuni ndogo na changa, ambalo Maendeleo Bank iliingia mwaka 2013, hazina wengi wa kuzifuatilia, na mchambuzi anaweza kuwa amelipwa na kampuni yenyewe. Kwa hiyo ukiona "nunua", "shikilia" au "uza", shuka kwanza hadi mwisho wa ripoti: nani kalipia kazi hii, na mwandishi ana hisa humo? Pasipoandikwa, naiweka pembeni.

Kazi yangu huanza na hesabu zilizokaguliwa za miaka 5. Nasoma maoni ya mkaguzi, kisha mtiririko wa fedha, faida hungoja. Faida ikipanda miaka miwili mfululizo huku fedha taslimu za uendeshaji zikiwa hasi, nafungua maelezo ya wadaiwa. Huko ndiko hujificha mauzo ya mkopo yasiyolipwa, au deni la kampuni ya mkurugenzi mwenyewe.

Kwa benki ndogo yenye wateja wa korosho, msimu hudanganya. Fedha za wakulima hupitia kwenye akaunti, amana hujaa Desemba, na zikishatolewa mizania ya Machi ina sura nyingine kabisa. Linganisha Desemba na Desemba iliyopita, usilinganishe na Septemba. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, nayo ikivuka 5% ya mikopo yote, kipimo cha Benki Kuu, tazama tengo la hasara, fedha ambazo benki imeweka kando kufidia mikopo hiyo, limekua kiasi gani. Lisipokua, faida hiyo ni ya kuazima.

Thamani haina uchawi. Tuseme kampuni ina hisa milioni 20 na faida ya shilingi milioni 600: kila hisa imepata shilingi 30. Bei ikiwa 300, unalipa mara 10 ya faida. Gawio la shilingi 15, likikatwa kodi ya zuio ya 5%, linabaki 14.25.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoumia. Bei ya ubaoni inaweza kuwa ya muamala wa hisa 50 uliofanyika wiki tatu nyuma. Chukua wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku, miezi 6 iliyopita, ukiondoa miamala mikubwa ya makubaliano maalumu. Wastani ukiwa 500, nawe una hisa 20,000, na hutaki kuzidi robo ya soko ili usiangushe bei mwenyewe, utauza 125 kwa siku: siku 160 za soko, zaidi ya miezi saba. Mwenye ada ya shule ya Januari hawezi kuzisubiri. Tazama pia pengo: mnunuzi akitoa 280 na muuzaji akitaka 320, ukinunua leo na kuuza leo umepoteza 12.5%, kabla ya ada za dalali.

Ndiyo maana natumia alama ya nne, "haipimiki". Hesabu zikichelewa au hisa zisipouzika, sitoi bei lengwa, yaani bei ninayotarajia hisa ifikie, hata kampuni iwe nzuri namna gani. Zenye alama nyingine huandikwa na tarehe na bei niliyotumia, na alama hufa hesabu mpya zinapotoka.