Mdudu wa kidole na mlango tunaomfungulia

Mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu binti aliyebakiza siku sita aolewe. Mkono wa kulia kauinua kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, maana kila akiushusha kidole kinapwita. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba kuzunguka ukucha, ngozi inang'aa, na upande mmoja chini ya ngozi panaonekana umanjano. Usiku kucha hakulala. Mama yake mkubwa alikuwa amemchomeka kidole ndani ya ndimu iliyopashwa moto, akakifunga kitambaa. "Ni mdudu huyo, daktari," akaniambia. "Tumempiga ndimu mara mbili na bado hafi."

Mimi ni tabibu wa ngozi. Nilisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, na sasa natibu Dar es Salaam. Neno mdudu nalisikia mara kwa mara na sigombani na anayelitumia, kwa sababu funza yupo, na funza kweli huchimba pembeni mwa kucha za miguu akakaa humo. Lakini huyu wa kidole hana kichwa wala miguu. Ni bakteria, mara nyingi wa jamii ya stafilokokasi, ambao watu wengi tunao puani na juu ya ngozi bila madhara yoyote. Shida huanza wakipata pa kuingilia.

Nikamuuliza binti kucha alitengeneza lini. Siku nne nyuma. Walikutoa nyama? "Ndiyo, zote, mpaka damu ikachuruzika kidogo. Dada alisema hapo ndipo zinakuwa safi."

Sogeza mkono wako kwenye mwanga uangalie kidole gumba. Pale ukucha unapochomoza kuna ukingo wa ngozi hai, laini, wenye mishipa ya damu. Mbele ya ukingo huo kuna utando mwembamba mweupe, kama ganda la ndani la kitunguu, uliogandamana na ukucha wenyewe. Utando huu ni ngozi iliyokwisha kufa, ndiyo maana ukiukwangua huhisi chochote. Chini ya ukingo kuna kifuko chembamba kinachorudi nyuma, na mwisho wa kifuko hicho ndipo ulipo mzizi unaotengeneza ukucha. Utando unaziba mdomo wa kifuko. Fundi wa madirisha hupaka puti kuzunguka kioo ili mvua isipenye. Utando ule ndio puti ya ukucha.

Kwenye saluni zetu, vyote viwili vinaitwa nyama: utando uliokufa na ukingo ulio hai. Nadhani nusu ya makosa ninayoyaona yanatokana na jina hilo moja. Mteja anasema "nitoe nyama", fundi anakwangua utando, halafu mkasi unaendelea mpaka kwenye ukingo, na hapo damu inatoka. Ngozi hai iliyokatwa inapona kwa kukomaa, inakuwa ngumu yenye vigozi vilivyosimama, basi baada ya wiki mbili mteja anarudi akisema nyama zimezidi, akatwe tena.

Binti tulimtibu siku ileile. Usaha ukishajikusanya lazima utoke, na huo ni mkono wa mtu aliyefundishwa, mwenye kifaa kilichochemshwa kwa mvuke, siyo sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye kiberiti. Niliinua ukingo wa ngozi taratibu, yakatoka matone machache tu, na uso wake ukabadilika palepale. Angekuja siku mbili mapema, kabla ya usaha, huenda maji ya uvuguvugu yangetosha: dakika kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, kisha kukausha vizuri. Ukiona wekundu unapanda mkononi kama mstari, au homa imeanza, usingoje hata kesho. Na kuhusu ndimu: maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaweza kuunguza mpaka malengelenge. Nimewaona waliokuja na kidole kimoja kibovu na kiganja kizima kilichoungua.

Sasa, kucha zitunzwe vipi? Mimi nasema usikate kabisa ukingo wala utando. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa imelainika, weka tone la mafuta ya nazi kwenye kila ukucha, usugue kwa duara na kidole gumba cha mkono wa pili. Utando ukikukera kwa kupanda sana juu ya ukucha, usukume polepole kwa ncha ya taulo yenye unyevu, ukiishia pale unapoanza kuhisi. Kigozi kilichochanika pembeni usikivute wala usiking'ate, kwa sababu kinachanika kuelekea kwenye nyama hai. Kikate kifupi kwa nelikata yako mwenyewe. Kucha za miguu zikate kwa kunyoosha, usifuate kona. Mwenye kisukari namwomba asimpe mtu yeyote wa saluni mkasi karibu na vidole vyake vya miguu. Hisia za miguu zikipungua mtu anakatwa asijue, na kidonda cha mguu wa kisukari nimeona kinapoishia.

Hata kusukuma kuna kiasi chake. Alikuja karani mmoja, kijana nadhifu, kucha za vidole gumba vyote viwili zina migongo migongo katikati kama bati, toka chini mpaka juu. Alikuwa amemeza dawa za fangasi bila nafuu. Tukizungumza nikaona kidole chake cha shahada kinaukwaruza ukingo wa kidole gumba, kinausukuma nyuma, kinarudi, na mwenyewe hana habari. Mzizi uko chini ya ngozi hiyohiyo, milimita chache tu, na kila msukumo unaacha alama kwenye ukucha unaotengenezwa. Nilimfunga plasta. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo alihitaji karibu nusu mwaka kupata ukucha mpya wote, na ulikuja laini. Wa mguu unachukua mwaka mpaka mwaka na nusu.

Wale vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, wakigonganisha chupa ili tuwasikie, siwachukii. Wanafanya kazi ya halali na wengine wana mikono myepesi kuliko saluni kubwa. Ninachokiogopa ni mkasi mmoja unaotoka kwa mama Asha ukaingia kwa jirani yake ndani ya dakika kumi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vinaambukiza, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvibeba. Kupangusa na pamba ya spiriti hakutoshi kwa kifaa kilichogusa damu. Kama wewe ni fundi, fanya tunavyofanya zahanati: jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, loweka vifaa dakika 10 na usizidishe maana chuma kitaliwa, osha kwa sabuni na brashi, kisha chemsha dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Kama wewe ni mteja, nunua seti yako, uende nayo. Na chanjo ya homa ya ini ipo, fundi aitafute.

Kuna jambo moja ambalo ukingo wenyewe hutuonyesha. Sisi watu weusi wengi wetu tuna mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha, na kwa kawaida hauna neno. Lakini mstari ukiwa kwenye ukucha mmoja tu, unapanuka, na weusi wake ukamwagika mpaka kwenye ngozi ya ukingo, njoo uonwe haraka. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Nimalizie na mama mmoja anayemenya kamba soko la samaki, Feri. Yeye hakuwa na usaha. Vidole sita vilikuwa vimetuna kwenye mashina ya kucha kama mito midogo ya kulalia, na utando haupo hata kwenye kimoja. Mdomo wa kifuko uko wazi, maji ya chumvi na barafu yanaingia tangu alfajiri. Alikuwa na miezi mitano ya kununua dawa za fangasi. Fangasi wanaweza kuwamo, lakini mara nyingi wanakuja baadaye, kwenye nyumba ambayo maji yameshaibomoa. Nilimpa dawa ya kupaka ya kushusha uvimbe, nikamwambia avae glavu za mpira juu ya glavu za pamba. Akanitazama. "Baba, kamba anateleza. Nikivaa hizo nitamenya ndoo ngapi?"

Alikuwa na haki. Tukaafikiana avae glavu zenye vinundu kiganjani, pea tatu za pamba azibadilishe zikilowa, na nyumbani vyombo waoshe watoto. Maji ya udhu hayakuwa tatizo, ilimradi akauke vidoleni na apake mafuta.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Nilivuta taa, nikakigeuza kidole chake cha pete, na pale shinani, juu ya ukucha, palikuwa na uzi mweupe mwembamba kabisa, umeanza kushika upande mmoja. Nikamwonyesha kwa kioo cha kukuzia. Akakaa nao muda mrefu, halafu akauliza kama na vile vitano vingine vitaota.

Viwili vilikuwa vimeshaanza.