Mkutano wa klabu ya kompyuta uanze na wanachama, mgeni mwalikwa baadaye

Klabu changa za wapenda kompyuta zinaponiomba ushauri, swali lao la kwanza huwa ni nani aalikwe kuzungumza. Mimi huwaomba waliweke kando kidogo. Mtu anayetengeneza kitu peke yake nyumbani haji kwenye klabu kutafuta mhadhara, maana mihadhara imejaa tele kwenye intaneti. Anakuja kumtafuta aliyekwama palepale alipokwama yeye. Ratiba yoyote isiyomkutanisha na mtu huyo, kwangu mimi, bado haijapangwa.

Mfano ninaoupenda ni wa klabu ya Homebrew, iliyokutana mara ya kwanza Machi 5, 1975 ndani ya gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Lee Felsenstein, aliyekuja kuwa msimamizi wa mikutano hiyo, aliigawa sehemu mbili. Kwanza watu walikaa, wakawa wanainuka mmoja mmoja kusema wanatengeneza nini, wanatafuta nini au wamesikia nini. Kisha ukumbi uliachwa huru, kila mtu akamwendee anayemhitaji. Humo ndimo Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alimowaonyesha wenzake kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, na michoro yake akawagawia bure.

Sehemu hizo mbili zinategemeana. Bila ile ya kwanza, mgeni hubaki amesimama ukutani na mkoba wake, hajui amfuate nani. Bila ya pili, yote yaliyosemwa yanaishia hewani. Kwa mkutano wa saa tatu wenye watu thelathini, mimi hutoa dakika moja kwa kila mtu, kisha onyesho moja lisilozidi nusu saa, na muda uliobaki ni wa mezani, kila mtu na anayemhitaji. Wenye shida huanza kusema kabla ya wenye cha kuonyesha, kwa sababu mwenye shida akichelewa kupewa nafasi huona haya na kunyamaza. Msimamizi naye awe na moyo wa kumkatiza mtu kwa upole dakika yake inapokwisha, hata kama ni mwanachama mkongwe.

Tarehe isipigiwe kura kila mwezi. Jumamosi ya pili, basi, iwe hivyo mwaka mzima.

Umeme ndio unaosahaulika zaidi. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 150 hadi 200 hata bila michezo mizito, kwa hiyo kumi zinafika 2,000 upesi. Plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 2,990 tu. Mtu akichomeka birika la umeme kwenye ekstensheni hiyohiyo, mmeshapita kipimo. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjuliwe yote, kwani waya uliobaki umejiviringa hupata joto. Na skrini za chogo zisifunguliwe mkutanoni asipokuwepo fundi anayezijua: zinaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Hapo sina mjadala na mtu.

Kama siku hiyo mnasakinisha Linux, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, pakueni faili lake mapema na kuliweka kwenye flashi kadhaa. Faili lenyewe ni gigabaiti kadhaa, na watu kumi wakilipakua kwa pamoja, laini ya ukumbi italemewa na saa nzima itapotea mkitazama asilimia zikipanda. Adapta za projekta zikusanywe usiku wa kuamkia mkutano, za aina zote.

Dakika kumi za mwisho ziwe za ahadi. Nani amemwahidi nani kipuri, kitabu au msaada? Katibu aandike majina, na mkutano ujao, kabla ya duru ya dakika mojamoja, ayasome.