Je, wajua kwa nini mto wa kulalia hupunguza maumivu ya mshono baada ya upasuaji wa uzazi?

Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kulala ametulia kabisa, kisha akakohoa mara moja tu na kuhisi mshono umefumuka. Kwa kawaida haujafumuka. Katika upasuaji, misuli ya mbele ya tumbo mara nyingi haikatwi, hutenganishwa. Kinachokatwa na kushonwa, mbali na mji wa mimba wenyewe, ni ngozi, mafuta na ule utando mgumu unaoifunika misuli. Ukikohoa au kucheka, tumbo husukuma kuelekea nje na utando huo huvutwa palepale uliposhonwa. Mto uliokandamizwa juu ya mshono huusukuma kutoka upande wa pili.

Khanga iliyokunjwa mara nne nayo inatosha. Ilaze juu ya mshono, ikandamize kwa viganja viwili, ndipo ukohoe. Wengi hushika tumbo baada ya kikohozi, wakati maumivu yameshapita kileleni. Siku ya kurudi nyumbani kaa nayo hivyohivyo kwenye bajaji, maana matuta ya mitaani Dar hayana huruma.

Kuinuka kitandani ndiko kunakotesa zaidi, hasa kwa anayenyanyuka wima. Kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, shusha miguu, kisha jisukume kwa kiwiko na kiganja huku ukitoa pumzi. Usivutwe mikono.

Maumivu mengine si ya mshono. Utumbo hulegea baada ya upasuaji, gesi hukwama, tumbo likajaa. Wengine huumwa bega na kushangaa: hewa iliyobaki tumboni hugusa kiwambo cha kupumulia, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo, ambacho mshipa wake wa fahamu hutoka shingoni, jirani na ule wa bega. Dawa yake ni kutembea mara ganzi ya mgongo ikiisha, ukiwa na mtu wa kukushika. Kutafuna bablishi mara tatu kwa siku pia huuamsha utumbo, kwa kuwa huudanganya kwamba chakula kinakuja.

Mkaja, ile nguo ya kufungia tumbo baada ya kujifungua? Unasaidia, mradi uwe mpana na vidole viwili vipenye chini yake. Ukibanwa sana pumzi inakuwa fupi, na kwa joto la Dar jasho huloanisha kidonda.

Kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono, hapana, hata bibi akisisitiza. Ngozi ya hapo huwa na ganzi kwa wiki au miezi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa, kwa hiyo unaweza kuungua bila kujua. Barafu nayo izungushiwe kitambaa kikavu, dakika 10 hadi 15, kisha iondolewe.

Haya yote huenda pamoja na dawa ulizoandikiwa, hayachukui nafasi ya dawa hizo. Maumivu yakizidi siku hadi siku, homa ikifika nyuzi 38, kidonda kikitoa usaha au harufu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, rudi hospitali siku hiyohiyo.