Kifungashio Kinapokuwa Kizito Kuliko Maktaba

Si ajabu kukuta faili la .so (msimbo uliokwisha kukompailiwa) linaloiunganisha Python na maktaba ya C++, yaani kifungashio, likiwa zito kuliko maktaba yenyewe. Kinachowachanganya watu ni kwamba hesabu zote zinafanyika upande wa pili, ndani ya maktaba. Kifungashio kinapokea na kupitisha tu.

Ila uzito wake haufuati wingi wa hesabu, unafuata wingi wa milango, yaani fanksheni za C++ zinazoweza kuitwa kutoka Python. Fanksheni moja yenye mistari elfu ya hesabu inahitaji mlango mmoja. Klasi mia moja zilizojaa vijifanksheni vya mstari mmoja zinahitaji milango maelfu, na kila mlango una bawabu wake. Bawabu huyo anahesabu hoja (thamani ambazo fanksheni inapewa) zilizoletwa, anazigeuza kutoka aina za Python kwenda za C++, anajaribu kila toleo la fanksheni mpaka apate linalokubali, anadaka makosa, kisha anaamua nani atamiliki kumbukumbu ya jibu. Ndani ya C++, kompaila ingekimeza kijifanksheni kama hicho kisiache hata alama. Ukikifunga kwa Python, lazima kiwepo, na bawabu wake juu.

Hapo bado sijagusa templeti, yaani ruwaza ambazo kompaila ya C++ huzitumia kuzalisha msimbo kwa kila aina ya data. Boost.Python na pybind11, zana mbili za kutengenezea vifungashio, huzitumia kuwatengeneza mabawabu hao, kwa hiyo kila mchanganyiko mpya wa aina za hoja huzaa msimbo mpya, pamoja na majina marefu ya kutisha ya fanksheni yanayohifadhiwa ndani ya faili. Mfano ninaoupenda ni PyRosetta, inayofunga programu kubwa ya kuunda modeli za protini. Ilipohama kutoka Boost.Python kwenda pybind11, nyaraka za pybind11 zinasema, ukubwa wake ulipungua mara 5.4 na muda wa kukompaili mara 5.8. Maktaba ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuifunga.

Wenzel Jakob, aliyeanzisha pybind11, hakuridhika. Mwaka 2022 alitoa nanobind, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, na kwa vipimo vyake mwenyewe mafaili ni madogo takriban mara 5 kuliko ya pybind11. Sehemu kubwa ya siri ni kuihamisha kazi inayojirudia kwenye maktaba ya kando inayokompailiwa peke yake, badala ya kuikompaili upya ndani ya kila faili la vifungashio.

Kabla ya kuhama, jaribu ya bei rahisi: pitisha strip (inaondoa majina yasiyohitajika ndani ya faili), kompaili kwa -fvisibility=hidden (inaficha majina ya ndani) na -Os (inaiambia kompaila ipendelee udogo). Kisha pitia orodha ya unavyofunga. Zana zinazotengeneza vifungashio kiotomatiki hufunga hata vitu ambavyo hakuna mtumiaji wa Python atakayeviita, na PyPI, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, kwa kawaida haipokei faili linalozidi megabaiti 100.

Na nanobind ina masharti: inataka toleo la C++17 au jipya zaidi, na haikubali klasi inayorithi kutoka kwa wazazi wawili. Maktaba nyingi za zamani zimejengwa hivyo hasa, na hizo nazishauri zibaki na pybind11.