Kidonda cha chuchu kisichopona: usikiite ukurutu kabla hakijapimwa

Baridi ya Juni mpaka Agosti tunaijua sote huku nyanda za juu kusini. Midomo inapasuka, visigino vinachanika, na mama anayeamka alfajiri kuvuna viazi Makete au kuchuma chai Mufindi hashangai ngozi yake ikiwasha. Kwa hiyo chuchu ikianza kutoa magamba, lawama inakwenda kwa baridi, au kwa sabuni, au kwa sidiria ya mtumba. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Leo naandika kwa ajili ya zile mara chache ambazo si ya haki.

Mama mmoja wa Rungwe, mwenye miaka hamsini na kitu, alifika kliniki yetu hapa Mbeya akiwa amekunja kipande cha kitenge ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Kitambaa kilikuwa kimegandia kwenye chuchu, ikabidi tukiloweshe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu ndipo tukibandue. Chini yake chuchu ilikuwa nyekundu na mbichi kama goti la mtoto lililochubuka, imebonyea kidogo, na magamba yameanza kusogea kwenye duara jeusi linaloizunguka.

"Ni ukurutu tu, mwanangu," aliniambia. "Nikipaka dawa unatulia, nikiacha unarudi. Huu ni mwezi wa nane tangu uanze."

Nikamuuliza, "Na titi la pili likoje, mama?"

"La huku halina neno."

Jibu hilo ndilo lililonitia shaka. Ukurutu wa kweli kwa kawaida hushika matiti yote mawili, na hupenda kuanzia kwenye lile duara jeusi, chuchu yenyewe ikabaki nzima. Ugonjwa ninaouzungumzia hufuata njia ya kinyume: hushika titi moja, huanzia kwenye chuchu, kisha hutambaa taratibu kwenda nje. Unaitwa ugonjwa wa Paget wa titi, na ni saratani.

Jina linatokana na daktari wa upasuaji wa London, James Paget, ambaye mwaka 1874 aliandika habari za wanawake 15 waliokuwa na vidonda vya namna hii kwenye chuchu. Wote walikuja kupata saratani ndani ya titi, wengi wao kabla ya mwaka kuisha. Leo tunaelewa kwamba kwa wagonjwa walio wengi saratani inakuwa imeshaanza ndani, kwenye mirija ya maziwa, na chembe zake husafiri kwa mirija hiyohiyo hadi kwenye ngozi ya chuchu. Zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 hukutwa na saratani nyingine ndani ya titi lilelile. Karibu nusu yao hawana uvimbe wowote unaoshikika kwa mkono. Nalisisitiza hili kwa sababu tumewazoesha kina mama kutafuta uvimbe, na asiyeupata anarudi nyumbani na amani isiyo yake.

Ni ugonjwa wa nadra. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, wenye Paget huwa kati ya mmoja na wanne. Wengi ni wanawake waliovuka miaka 50, ingawa wenye umri mdogo hupata, na wanaume pia, kwa uchache sana. Hauambukizi. Mume hawezi kuupata kwa kulala na mkewe, na hakuna jirani aliyemtupia mtu.

Sasa nizungumze na wenzangu wa maduka ya dawa na zahanati, kwa heshima zote, maana ninyi ndio mnaomwona huyu mama kwanza. Krimu ya steroidi hutuliza muwasho na wekundu hata pale ambapo chini yake kuna saratani. Mgonjwa akirudi na kusema amepata nafuu, nafuu hiyo haithibitishi chochote. Kidonda cha chuchu moja ambacho hakijapona kwa wiki tatu hivi za matibabu, au kilichopona kikarudi, kisipewe tubu ya pili. Apewe rufaa. Mama anayenyonyesha naye ana sababu zake za kupasuka chuchu, kama mtoto kutokamata titi vizuri au fangasi, na hizo hutibika. Lakini titi likikataa kupona, kunyonyesha kusiwe kisingizio cha kusubiri.

Hospitalini tunapapasa matiti yote mawili na makwapa. Kisha tunapiga ganzi na kuchukua kinyama kidogo cha chuchu ili kichunguzwe kwa hadubini. Hicho ndicho kinachotoa jibu. Wengi wanaogopa kwamba kukata kinyama "kunaamsha" saratani. Si kweli, na woga huo unatuchelewesha kuliko barabara zetu. Titi hupigwa pia picha ya mamografia na ultrasaundi kuona kilichomo ndani, kwa sababu matibabu hutegemea hilo.

Matibabu makuu ni upasuaji. Wengine huondolewa titi lote. Wengine, ugonjwa ukiwa sehemu ndogo, huondolewa chuchu, duara lake na nyama ya chini yake, titi likabaki, kisha hufuata mionzi. Wapo wanaohitaji pia dawa za dripu au vidonge vya homoni. Kwa ajili ya mionzi wagonjwa wetu wengi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, kwa hiyo familia ianze mapema kupanga nani atafuatana naye na watafikia wapi. Saratani ikiwa bado imo ndani ya mirija, uwezekano wa kupona ni mkubwa sana.

Ukiwa na dalili hizi, usioshe kidonda kwa dawa kali wala kukifuta kikauke kabla ya kuja. Njoo na ile tubu uliyokuwa unapaka, hata kama imekwisha, na ukumbuke ni mwezi gani uliona gamba la kwanza.