Maziwa ya mbuzi nayo ni maziwa: maswali na majibu kuhusu mzio wa maziwa

Mzio wa maziwa ni nini?
Mwili wa mtoto unaichukulia protini ya maziwa kama adui. Anatoka mabaka yanayowasha, anavimba midomo au kope, anatapika, anaharisha, pengine choo chenye damu. Tumbo kujaa gesi baada ya kunywa maziwa ni jambo jingine: hapo kinachoshindikana ni kumeng'enya sukari ya maziwa. Linakera, haliui, na wengi wenye tatizo hilo hunywa mtindi bila shida. Mwenye mzio hapewi mtindi.

Nimbadilishie ya mbuzi?
Hapana. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wanaodhurika na haya hudhurika na yale.

Nikiyachemsha sana?
Hapana. Moto unaua vijidudu, protini inabaki.

Kijiko kimoja tu, ili azoee?
Hapana, mama. Kumzoesha mtoto ni kazi ya daktari, dawa zikiwa karibu. Si kazi ya jikoni.

Bibi yake anasema ukoo mzima umekulia maziwa ya mbuzi.
Hao hawakuwa na mzio. Bibi apewe shikamoo yake, mtoto asipewe maziwa. Ya mbuzi pia.

Basi nimwachishe kunyonya?
Usithubutu. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa la mama peke yake, kisha aendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Kama anadhurika akiwa ananyonya, anayeacha maziwa na mtindi ni wewe, kwa maelekezo ya kliniki. Asiyenyonya kabisa mlete apangiwe maziwa maalumu. Uji mweupe haujazi pengo hilo.

Aepuke vyakula gani?
Maziwa, mtindi, jibini, siagi, samli, aiskrimu na chai ya maziwa vinajulikana. Tunaowapokea wameponzwa na vilivyofichika. Cha kwanza ni unga wa uji wa lishe: mara nyingi umechanganywa na maziwa ya unga, na ule wa kupimiwa sokoni hauna hata maandishi. Saga wako. Kisha maandazi na skonzi zilizokandwa kwa maziwa, keki, biskuti, chokoleti, baadhi ya majarini na soseji, na pilau ya shughulini iliyotiwa samli. Kwenye pakiti tafuta maneno haya: milk, whey, casein, butter. Ukiliona hata moja, rudisha. Na kijiko kilichokoroga chai ya maziwa kisiingie kwenye uji wake.

Mayai si maziwa, msimnyime bure. Tui la nazi ni salama kwake, na mawese yetu pia.

Mifupa yake itajengwa na nini?
Dagaa, tena wazima na mifupa yao. Waliokaushiwa mchangani wapembue, uwaoshe maji matatu au manne mpaka mchanga uishe chini ya beseni, uwaanike, uwakaange bila mafuta kwa moto mdogo, kisha utwange hadi wawe unga laini kabisa. Kosa la wengi ni kuchekecha na kutupa chenga: hiyo ndiyo mifupa, ndiyo kalisi yenyewe, madini yanayojenga mifupa. Irudishe kinuni. Kwa mtoto aliyeanza kula, anza na kijiko cha chai kwenye bakuli la uji. Mchicha ni mzuri, lakini kalisi yake mwili hauipati vizuri. Usiutegemee peke yake.

Amevimba midomo na anapumua kwa mlio. Nimpe maziwa yakate sumu?
Hapana, hapana kabisa! Maziwa ndiyo yaliyomfikisha hapo. Usimpe ya ng'ombe, ya mbuzi, wala asali. Mpeleke kituo cha afya au hospitali saa hiyohiyo. Anahitaji sindano ya adrenalini, na vidonge vya mzio peke yake havitoshi. Mlaze, usimtembeze, akihema kwa shida mkalishe. Mlioko vijiji vya mwambao, tafuteni boti midomo inapoanza kuvimba, msingoje kuona kama atatulia.