Rodiamu ndani ya vitundu vya silika: kipimo cha kimiminika ndicho huamua

Propilini, kaboni monoksaidi na haidrojeni huungana kuwa butanali, kemikali ya viwandani, kwa msaada wa rodiamu, metali ghali isiyofaa kupotea hata kidogo. Tangu 1984 kiwanda cha Ruhrchemie huko Oberhausen, Ujerumani, kimekuwa kikiitumia ikiwa imeyeyushwa majini, na butanali hujitenga juu. Olefini ndefu, yaani ndugu za propilini wenye mnyororo mrefu wa kaboni, hata hivyo, karibu haziyeyuki majini. Njia nyingine ni kuyeyusha changamano la rodiamu (rodiamu iliyoshikwa na molekuli nyingine) katika kimiminika cha ioni, yaani chumvi iliyo majimaji chini ya nyuzi 100 za Selsiasi na isiyovukizika kwa urahisi, kisha kukitandaza kama utando mwembamba ndani ya vitundu vya silika (oksidi ya silikoni). Ukiishika silika hiyo, ni unga mkavu. Mmenyuko wenyewe hutokea katika kimiminika.

Chukua gramu 10 za silika yenye mililita 0.8 za vitundu kwa kila gramu: nafasi yote ni mililita 8. Jaza kimiminika cha ioni asilimia 20 tu, yaani mililita 1.6. Wengi hukosea hapa wakidhani kimiminika kingi huleta kazi nyingi. Vitundu vikijaa, gesi hulazimika kupenya safu nene, na rodiamu ya ndani kabisa hukaa bure.

Kwanza choma silika kwa nyuzi 500 kwa saa kadhaa. Uso wake una vikundi vya haidroksili (OH) vyenye asidi ambavyo hunasa ligandi ya fosfini, yaani molekuli yenye fosforasi inayoishika rodiamu. Rodiamu ikibaki bila ligandi, butanali yenye tawi, badala ya ile iliyonyooka, huongezeka. Ndiyo sababu pia huwekwa takriban molekuli 10 za ligandi kwa kila atomu ya rodiamu. Yeyusha changamano, ligandi na kimiminika katika methanoli chini ya gesi ya agoni, ongeza silika, koroga, kisha ondoa methanoli polepole kwa ombwe. Ukiharakisha, utando hukaa bila usawa. Epuka kimiminika chenye heksaflorofosfeti (ioni ya fosforasi na florini): kikikutana na unyevu na joto hutoa asidi ya haidrofloriki, nayo hula silika.

Gesi ipite kwa takriban nyuzi 100 na shinikizo la baa 10. Kasi ya mmenyuko ikishuka polepole, usikimbilie kuilaumu rodiamu. Mara nyingi butanali imeungana yenyewe kwa yenyewe kuwa bidhaa nzito zinazojaza vitundu. Ombwe likiziondoa, kasi hurudi. Ila kiyeyusho au bidhaa ikipita ikiwa majimaji, itaosha kimiminika pamoja na rodiamu, na hapo ombwe halisaidii.